Mayi yenye kujificha ndani ya jiwe ya buluu

Mutu yeyote wa Likasi ao Kolwezi anayetumika mu usine anajua rangi ile: minerai ya shaba ikisha kuingia mu asidi, mayi inageuka buluu. Wakati mayi ile inakauka, inaacha mawe madogo ya buluu, yenye kungaa kama kioo. Jina yake sulfati ya shaba. Inaweza pia kujitokeza yenyewe pa ukuta wa mashimo ya zamani, pale mayi na hewa vinakula minerai yenye sulfuri.

Chukua kilo 100 ya jiwe ile, kavu kabisa mu mukono. Shaba iko karibu kilo 25 na nusu tu. Kilo 36 ni mayi! Si ile mayi ya mvua ambayo jua inakausha pa mufuko. Hii imefungwa ndani.

Imefungwa namna gani? Kila atomu ya shaba inazungukwa na molekuli 4 za mayi, sawa meza moja yenye viti 4. Juu na chini, mbali kidogo, kuko oksijeni 2 za sulfati. Molekuli ya 5 ya mayi haigusi shaba. Inashikana na sulfati na mayi zingine. Mayi ile njo inatoa rangi: pasha jiwe moto, mayi inatoka, jiwe inakuwa nyeupe kama unga. Tonyesha mayi, buluu inarudia. Kobalti pia iko vile: ikizungukwa na mayi 6, inakuwa na rangi ya waridi.

Nani aliona mupango ule? Mwaka 1912, kule Munich, Ujerumani, Friedrich na Knipping walifuata wazo ya Max von Laue. Walipitisha miali ya X, ile ya kupiga radio mu hospitali, ndani ya jiwe moja. Matone yalijipanga pa picha, na watu wakajua atomu ziko na mustari. Jiwe ile ya kwanza ilikuwa sulfati ya shaba. Mwaka 1934, Beevers na Lipson, wa Uingereza, walionyesha nafasi ya kila molekuli ya mayi.

Sasa, bazazi, sikilizeni. Malakite ya kijani haiyeyuke mu mayi safi. Jiwe ya buluu inayeyuka mbio, mu mayi na mu mate ya mutoto. Ni sumu: inatapisha, inaumiza tumbo, maini na figo. Musiilete ku nyumba kama mapambo. Kopo yenye ilibeba mayi ya buluu isibebe tena mayi ya kunywa. Ikiingia mu jicho, osha na mayi safi mingi. Mutoto akiimeza, musimutapishe kwa nguvu. Mupeleke mbio ku hospitali, na mubebe kipande ya jiwe ile munganga aione.

Uzuri wake ni wa kutazama tu.