Kupima ni mlango, dawa ni njia: tunayojifunza kutoka Jinja na Mbale



Wengi wetu hapa kambini tunajua kwamba kipimo cha virusi vya Ukimwi (VVU) kipo na ni bure. Hata hivyo wengi hawajapima. Sisi wahudumu wa kujitolea tukipita nyumba kwa nyumba tunasikia sababu tatu: "Kituo kiko mbali," "Watu wataniona," na "Nikikutwa na virusi sitapelekwa nchi ya tatu." Leo tutazijibu sababu hizo. Mifano tutaichukua mashariki mwa Uganda, Jinja na Mbale, ambako watu wameishi na ugonjwa huu miaka mingi na wamejaribu njia nyingi za kupambana nao.

JINJA: DAWA ZILIMFUATA MGONJWA

Shirika la TASO lilianzishwa Uganda mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, wakati ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya virusi, hazijapatikana. Lina vituo Jinja na Mbale pia. Dawa zilipofika, shida ikawa umbali. Mgonjwa wa kijijini alihitaji nauli kila mwezi, na madaktari walikuwa wachache.

Kati ya mwaka 2005 na 2009 ulifanyika utafiti Jinja, kwa watu 1,453 walioanza dawa. Kundi moja lilikwenda kliniki kama kawaida. Kundi lingine lililetewa dawa nyumbani kila mwezi na wafanyakazi waliokuja kwa pikipiki. Hawa hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walifundishwa kuuliza maswali kutoka kwenye orodha, na kutambua dalili za kumpeleka mgonjwa kituoni haraka.

Matokeo yalikuwa karibu sawa. Walioshindwa kudhibiti virusi walikuwa kama 16 katika kila 100 kwa kundi la nyumbani, na 17 kwa kundi la kliniki. Waliohudumiwa nyumbani walitumia pesa kidogo zaidi.

Jinja ilionyesha jambo jingine. Familia za wagonjwa zilipofuatwa nyumbani kwa ajili ya kupima, zaidi ya nusu ya watu walipima. Familia zilizoambiwa ziende kliniki, aliyepima alikuwa karibu mmoja tu katika kumi. Kwa hiyo watu hawakukataa kipimo. Walizuiwa na safari, na macho ya watu.

Kwetu sisi, maana yake ni hii: kama umbali au aibu inakuzuia, mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako. Uliza kama kuna siku ya kupima karibu na unapoishi. Wanaotumia dawa na hali yao ni nzuri, mwongozo wa Uganda unaruhusu wapewe dawa za miezi kadhaa, au wajiunge kikundi ambacho mmoja huwachukulia wenzake dawa kwa zamu.

KIPIMO KINAFANYWAJE?

1. Kwanza unazungumza na mshauri faraghani. Kupima ni hiari yako.
2. Unachomwa kidole, linatolewa tone la damu. Majibu yanatoka siku hiyo hiyo, kwa kawaida ndani ya nusu saa.
3. Kipimo cha kwanza kikionyesha virusi, unapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine ili kuhakikisha.
4. Kama ulikuwa hatarini hivi karibuni, kipimo kinaweza kukosa kuona virusi. Rudi baada ya miezi mitatu.

Majibu ni yako. Hata sisi tunaotembelea nyumba hatuambiwi bila wewe kukubali.

UKIKUTWA NA VIRUSI

Zamani mgonjwa alisubiri mpaka kinga yake ishuke ndipo apewe ARV. Hilo limebadilika. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye virusi aanze dawa mapema, na Uganda imefuata. Watu wazima wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake.

Dawa haziondoi virusi vyote mwilini, kwa hiyo usiache hata ukijisikia mzima. Ukiacha, virusi vinaongezeka na vinaweza kuwa sugu. Baada ya miezi sita damu yako hupimwa kuona kiasi cha virusi. Vikiwa vichache mpaka kipimo hakivioni, na ukiendelea kumeza dawa, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana.

Ukihama kambi, au ukienda kulima mbali, omba barua ya uhamisho na dawa za kutosha kabla ya kuondoka. Kukohoa, jasho la usiku au kukonda: nenda upimwe kifua kikuu.

MBALE: KISU KIMOJA, DAMU YA WENGI

Wilaya ya Mbale ni nchi ya Wagisu. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili vijana wao hutahiriwa kwa sherehe inayoitwa imbalu. Zamani kisu kimoja kiliweza kutumika kwa vijana kadhaa. Ukimwi ulipokuja, wahudumu wa afya walifundisha kwamba kila kijana awe na kisu chake. Sherehe haikufutwa, ila hatari ilipunguzwa. Sisi nasi tuna wembe wa kunyolea, wa kuchanjia, na sindano za mtaani. Usikubali kifaa kilichomchoma mwingine.

Utafiti uliofanywa Rakai (Uganda), Kisumu (Kenya) na Afrika Kusini umeonyesha kuwa tohara ya hospitali inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Kupunguza si kumaliza. Aliyetahiriwa bado anahitaji kondomu.

Ukibakwa, au ukichomwa na sindano iliyotumika, kimbia kituoni ndani ya saa 72. Kuna dawa za siku 28 za kuzuia maambukizi, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

MAMA MJAMZITO

Bila dawa, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wa akina mama wenye virusi huambukizwa, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa kila siku na mtoto akipewa yake, wanashuka chini ya 5. Pima mapema katika ujauzito, na baba aje pia. Mpe mtoto maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, na umlete apimwe akiwa na wiki sita.

JE, NITAKOSA KUHAMISHWA?

Msimamo wa UNHCR ni kwamba mkimbizi asilazimishwe kupima, na kuwa na virusi hakumwondolei mtu haki ya hifadhi. Marekani ilikuwa inazuia wenye virusi kuingia, lakini iliondoa zuio hilo Januari 2010. Swali la nchi ya tatu, muulize afisa wa ulinzi wa UNHCR, usiulize foleni ya mgao. Kumbuka pia kwamba uhamisho unaweza kuchukua miaka mingi, na asiyejua hali yake anaweza kuugua hapa hapa akiusubiri.

Ukiwa na swali, tuone sisi wahudumu wa mtaa au mshauri wa kituo cha afya. Mkiweza, njooni kupima mume na mke pamoja.