Dawa ya minyoo ya punda isimfikie mtoto

Katika mji wa kale wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba mno kwa gari, punda ndiye lori la familia. Hubeba mchanga, mawe ya kujengea, maji na bidhaa za dukani, na kuna nyumba ambazo karo ya watoto hutoka mgongoni mwake. Mnyama huyo akikonda, manyoya yakasimama na choo kikalegea, si ajabu mwenyewe kukimbilia dawa ya minyoo.

Hofu ya kwanza ya wazazi huwa ni kama mtoto anayecheza karibu na zizi ataambukizwa minyoo hiyo. Kwa kawaida hapana. Minyoo ya kundi la farasi na punda imezoea matumbo ya wanyama hao. Mtoto hupata minyoo yake kutokana na kinyesi cha binadamu, kwa kula vilivyochafuliwa au, kwa safura, kwa kukanyaga udongo pekupeku. Kinyesi cha punda kina hatari nyingine: huweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Mtoto mwenye kidonda mguuni na ambaye hakumaliza chanjo ndiye wa kuhofiwa zaidi.

Hatari iliyo karibu zaidi, hata hivyo, ni dawa yenyewe. Mara nyingi huwa ivamektini, laini kama dawa ya meno, ndani ya bomba la plastiki. Kwa kuwa binadamu pia hupewa ivamektini, kwa mfano dhidi ya matende, mzazi anaweza kuona kumlambisha mtoto kidogo ni kubana matumizi.

Hesabu yake inatisha. Bomba la kawaida la farasi hupimwa kwa mnyama wa karibu kilo 600 na huwa na zaidi ya miligramu 100 za dawa. Mtoto wa kilo 20, daktari akiona anaihitaji, hupewa miligramu 3 au 4. Aliye chini ya kilo 15 kwa kawaida hapewi kabisa. Tena ivamektini haifui dafu mbele ya safura. Kwa minyoo ya tumbo, mtoto wa miaka 2 na zaidi hupewa albendazo ya miligramu 400 mara moja; wa mwaka mmoja hadi miwili hupewa nusu yake. Ni dawa nafuu, na shule nyingi huigawa bure.

Hata kwa punda, bomba hilo lina mtego. Punda wengi wa kwetu hawafiki nusu ya uzito wa farasi, na wenyewe hukisia. Dozi ikiwa ndogo mno, minyoo yenye nguvu hubaki na kuzaana, na baada ya muda dawa haifanyi kazi. Kumpa kila baada ya miezi miwili kwa mazoea huleta usugu uo huo. Wataalamu wa farasi wameona kuwa takriban wanyama 20 kati ya 100 ndio hutoa karibu asilimia 80 ya mayai yote ya minyoo. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hupendelea kupima kinyesi kwa hadubini kwanza, kisha kumtibu anayehitaji kwa uzito uliopimwa kwa utepe kifuani.

Lamu kuna kliniki ya shirika la Donkey Sanctuary, iliyofunguliwa mwaka 1987, ambayo hutibu punda bila malipo. Ni vyema kumwahi mapema, kwa sababu punda huficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa na kupiga mateke. Punda husimama tu kimya, ameinamisha kichwa na kukataa chakula.

Kazi ya bei rahisi kuliko dawa ni kuzoa kinyesi kila siku, hasa masika, kabla mayai hayajaanguliwa na viluwiluwi kupanda kwenye majani mabichi. Anayezoa avae viatu na anawe kwa sabuni.

Bomba lililotumika nusu lisiachwe dirishani wala kando ya miswaki. Mtoto akishalamba, asilazimishwe kutapika na asisubiriwe aanze kuyumba, kuona ukungu au kupatwa na degedege. Apelekwe hospitali mara moja, na bomba lenyewe liende naye ili daktari asome kiasi kilichokuwamo.