Gari la Kikundi Likilia "Ka-Ka-Ka" Kwenye Kona



Gari la kikundi ni mali ya wengi. Asubuhi linabeba omena na mbuta kutoka ufuoni hadi soko la Kibuye, Kisumu. Usiku huohuo huenda likaitwa kumkimbiza mama mja mzito hospitali. Likikwama njiani, hasara si ya dereva peke yake. Ndiyo maana inafaa kila mwanakikundi ajue mlio mmoja unaotuonya mapema: "ka-ka-ka" gari linapokata kona.

Kinacholia ni nini?

Magari mengi madogo ya siku hizi, kama Probox, huvutwa na magurudumu ya mbele. Wazee waliozoea Peugeot 504 watakumbuka kwamba ile ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mbele haikuwa na kifaa hiki. Gurudumu la mbele la Probox lina kazi mbili: kuvuta gari na kugeuka kona. Basi chuma kinachotoka kwenye giaboksi, yaani shafti, lazima kiwe na kiungo kinachopinda huku kikizunguka, kama kiwiko cha mkono. Mafundi wa jua kali hukiita sivii jointi. Aina inayotumika sana ilibuniwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, miaka ya 1920. Ndani yake kwa kawaida mna gololi sita za chuma zinazoteleza kwenye mifereji, zikiwa zimezama katika grisi.

Grisi hiyo imefunikwa na raba iliyokunjwakunjwa, ambayo wengine huiita buti. Hapo ndipo shida huanzia. Raba ikizeeka hupasuka. Mawe ya barabara mbovu na vipande vya nyavu vinavyojisokota kwenye shafti navyo huichana. Gurudumu likizunguka, grisi inarushwa nje, mchanga wa ufuoni na tope jeusi la Kano vinaingia ndani. Mchanga husaga chuma. Mifereji ikishalika, gololi hugongagonga kila gari linapokata kona, na ndio huo mlio.

Jinsi ya kupima

1. Kwanza kazeni nati za magurudumu. Nati zilizolegea nazo hulia, na ni hatari zaidi maana gurudumu laweza kuchomoka. Angalieni pia kama kuna jiwe limenasa kwenye tairi. Jiwe hulia hata gari likienda moja kwa moja.

2. Tafuteni uwanja mpana usio na watoto. Zimeni redio, fungueni vioo. Dereva akate usukani wote kushoto, azungushe gari polepole huku akiongeza mafuta kidogo. Kisha afanye hivyo kulia. Mtu mmoja asimame mbali kidogo akisikiliza.

3. Gari likilia linapokata kushoto, mara nyingi jointi mbovu ni ya nje ya gurudumu la kulia, kwa sababu ndilo linalobeba uzito kwenye kona hiyo. Likilia kulia, anzeni na kushoto.

4. Zimeni gari, vuteni breki ya mkono, mchungulie nyuma ya gurudumu. Raba iliyochanika na grisi nyeusi iliyotapakaa ndani ya rimu ni ushahidi tosha.

Si kila mlio ni jointi hii. Mvumo mrefu unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka mara nyingi ni beringi. Kugonga "du" mkipita shimo huenda ni boljointi au bushi. Gari likitetemeka mkiongeza mafuta kwenye barabara iliyonyooka, huenda ni jointi ya ndani, iliyo upande wa giaboksi.

Matengenezo

Kama raba imepasuka lakini mlio bado, mmebahatika. Fundi afungue jointi, aioshe vizuri, aikaushe, aikague, atie grisi mpya ya sivii jointi, kisha afunge raba mpya na klipu zake.

Kama mlio umeshaanza, msidanganywe ati "tia grisi tu, itatulia." Grisi hairudishi chuma kilicholika. Jointi ibadilishwe. Nendeni dukani na ile ya zamani mkononi, mhesabu meno ya zote mbili na kulinganisha unene. Kama gari lina breki za ABS, angalieni pete yake pia.

Nati kubwa ya katikati ya gurudumu hukazwa sana, kwa hiyo ilegezwe gari likiwa bado chini. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Wekeni stendi imara, na mawe kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Shafti ikichomolewa kwenye giaboksi, oili humwagika. Hakikisheni imejazwa tena kabla ya gari kuondoka.

Mkipuuza, siku moja jointi itakatika. Injini itanguruma lakini gari halitaenda. Mkiwa mlimani, hata gia ya kuegeshea haitalishika. Breki ya mkono na jiwe ndivyo vitakavyowaokoa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Raba ni bei nafuu kuliko jointi, na jointi ni nafuu kuliko safari ya mgonjwa iliyokatizwa usiku. Chagueni mtu mmoja achungulie raba zote nne, za nje na za ndani, kila mwezi na baada ya safari ya matope. Aandike alichoona kwenye daftari la gari.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Nani kati yetu hukagua gari, na mara ya mwisho ilikuwa lini?
- Dereva akisikia mlio, anamwambia nani? Je, anaogopa kulaumiwa?
- Tunaweka akiba ya matengenezo kila safari, au tunachanga gari likishaharibika?