Kugonga, Kugota na Kunoki: Istilahi za Milio ya Injini

Miongoni mwa maandishi yanayotufikia ili yasanifiwe lugha, vitabu vya maelekezo ya magari si vingi. Lakini ni maandishi ambayo kosa la neno moja laweza kuligharimu shirika au ofisi fedha nyingi. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno moja lililotutatiza, kuonyesha dhana mbalimbali zilizojificha ndani yake, na kutoa mapendekezo ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuyapima na kuyatumia.

Neno lililoshika njia yake

Tulipokuwa tukiandaa rasimu ya mwongozo wa madereva, tulikuta katika maandishi ya Kiingereza neno linalotaja mlio wa kugonga ndani ya injini. Mmoja wetu aliandika hivi: “Injini ikinoki unapopanda mlima, punguza gia.” Sentensi ilionekana nyepesi, tena ya Kiswahili cha watu. Tulimsomea fundi mkuu wa karakana moja hapa Dar es Salaam. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Injini ikishanoki, ndugu zangu, gia ya nini tena? Hapo tafuteni kamba ya kuvutia gari.”

Fundi alikuwa na haki, na kosa lilikuwa letu. Neno hili lilipoingia katika Kiswahili cha gereji, halikubaki na maana yake ya asili. Katika Kiingereza hutaja mlio. Kwetu, Tanzania hata Kenya, injini iliyonoki ni injini iliyokufa. Ugonjwa umeachiwa jina la kifo. Zaidi ya hayo, wako madereva wasemao “inanoki” kwa maana ya mlio, na “imenoki” kwa maana ya kufa, hata ikawa tofauti kubwa kiasi hicho imebebwa na silabi moja tu.

Hatusemi kwamba neno hilo lifutwe. Lina kazi yake, na wenye lugha wamekwisha kulikubali. Tunachosema ni kwamba halifai kutumiwa kutaja mlio katika maandishi rasmi. Chukua mfano wa fomu ya matengenezo. Dereva ameandika, “Injini inanoki.” Afisa anayeisoma aweza kuidhinisha injini ishushwe na nyingine inunuliwe, kumbe kilicholia ni kipande cha bati kilicholegea. Au kinyume chake: afisa amezoea kwamba neno hilo ni kelele tu, analiacha gari liendelee na safari, na jioni injini imekufa kweli.

Dhana nne chini ya neno moja

Ili kubuni istilahi, hatuna budi kwanza kuzifahamu dhana zenyewe. Tumezigawa katika mafungu manne.

(a) Mgoto. Katika injini ya petroli iliyo nzima, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, na moto husambaa kwa mpango kutoka kwenye plagi hadi kwenye kuta za silinda. Lakini joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ya mchanganyiko ambayo bado haijafikiwa na moto hujiwasha yenyewe kwa ghafla. Hapo mawimbi ya msukumo huzipiga kuta za silinda, na dereva husikia mlio mkali na mwembamba, kama nyundo ndogo inayogotagota chuma. Husikika zaidi injini ikiwa na moto na mzigo mkubwa, kwa mfano gari linapopanda mlima kwa gia kubwa. Mguu ukiondolewa kwenye mafuta, hupungua au hukoma. Sababu zake za kawaida ni petroli yenye okteni ndogo kuliko ile iliyopangiwa injini hiyo, masizi yaliyoganda ndani ya silinda, injini kupata joto kupita kiasi, au cheche kuja mapema mno.

(b) Mdundo. Huu ni mlio mzito, wa chini, unaotoka tumboni mwa injini. Kasi ya injini ikiongezeka, nao huongezeka. Aghalabu huletwa na beringi za konrodi zilizolika au zilizokosa oili, hata chuma kikapata nafasi ya kucheza na kugonga chuma kingine. Mdundo si mlio wa kusubiri. Dereva aegeshe gari mahali pa salama, azime injini, apime oili, wala asiiwashe tena mpaka fundi ameiona. Ukipuuzwa, ndio unaoishia katika kile ambacho gereji hukiita kunoki.

(c) Mwaliko. Kitenzi cha Kiswahili kualika kina maana, miongoni mwa nyingine, ya kutoa mlio wa kukatika ghafla, kama ule wa vidole vinapoalishwa. Twakichukua kwa milio midogo, mikavu, ya haraka, itokayo juu ya injini penye valvu na tapeti. Mlio wa huko huenda kwa nusu ya kasi ya krenkishafti, kwa sababu kemshafti huzunguka mara moja wakati krenkishafti inazunguka mara mbili. Fundi mwenye sikio zuri huutenga mwaliko na mdundo kwa mwendo huo tu, kabla hajafungua hata nati moja.

(d) Mchakacho. Hili ni fungu la vitu vilivyolegea: sauti ya kutikisika kwa mfululizo, kama kayamba. Mfano mmoja ni cheni ya taimingi inayochakacha injini inapowashwa asubuhi, kwa kuwa kifaa kinachoikaza hutegemea msukumo wa oili, na oili bado haijapanda. Mfano mwingine ni bati la kukinga joto lililo karibu na bomba la ekzosi, ambalo bolti zake zimeliwa na kutu. Ya kwanza ni ya injini, ya pili si ya injini kabisa. Kwa hiyo mfasiri aongeze neno la kubainisha: mchakacho wa cheni, mchakacho wa bati.

Msomaji aweza kuuliza: mbona hatukutumia kugonga, neno linalojulikana na wote? Kitenzi hicho kinafaa kwa maelezo ya jumla. Lakini istilahi yahitaji nomino, na nomino iliyo karibu zaidi, mgongo, imekwisha kuchukuliwa na kiungo cha mwili. Kugota hakuna matatizo hayo: kuna mgoto, na maana yake ya kupiga pigo dogo kwa kitu kigumu inaafiki dhana yenyewe. Mdundo nao ni neno la ngoma na la moyo. Uzito wake unajulikana hata kwa mtoto. Kuhusu mwaliko, tunakiri kwamba neno hilo linatumika pia kwa karamu. Ila muktadha hutenganisha, wala hatudhani kuna dereva atakayedhani kwamba valvu zimemwita harusini.

Gari jipya na matatizo mapya

Mgawanyo huu ungetosha kwa magari ya zamani. Magari ya miaka ya karibuni yameleta mambo mawili ambayo mfasiri hana budi kuyajua.

Kwanza, yako magari yanayoficha ugonjwa. Injini nyingi za petroli za siku hizi zimefungwa kihisi cha mgoto, kifaa kinachosikiliza mtetemo wa injini na kuipelekea kompyuta habari. Kompyuta ikiupokea mgoto huchelewesha cheche, na mgoto hukoma kabla dereva hajausikia. Dereva huona tu kwamba gari limepungua nguvu mlimani au linakula mafuta zaidi. Hivyo kitabu kikisema kwamba kihisi hicho kimeharibika, mfasiri asiandike “kihisi cha kunoki”, jambo ambalo msomaji angelielewa kuwa ni kifaa cha kutangaza msiba.

Pili, yako magari yanayolia bila ya kuugua. Katika injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nozeli na pampu ya msukumo mkubwa hutoa mialiko ya haraka ambayo ni ya kawaida. Mwenye gari jipya aliyezoea injini ya kabureta hushtuka bure. Injini ya dizeli nayo, kwa kuwa huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa wala si kwa cheche, ina ukali wake wa asili. Nyingi za kisasa huupunguza kwa kunyunyiza mafuta kidogo kwanza, kisha yaliyobaki. Kitabu kinachouelezea mlio huo kisiupe jina la ugonjwa.

Hapa panafaa neno kuhusu okteni. Kipimo hiki hulinganisha petroli na mchanganyiko wa vimiminika viwili: iso-okteni, iliyopewa namba 100, na hepteni, iliyopewa sifuri. Petroli ya namba 95 huukinza mgoto sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za iso-okteni na 5 za hepteni. Kwa hiyo namba hiyo si kipimo cha nguvu wala cha usafi, ingawa mara nyingi husemwa hivyo. Mwaka 1921 iligunduliwa Marekani kwamba kiasi kidogo cha risasi huzuia mgoto, na petroli ya namna hiyo ikaenea duniani ijapokuwa risasi ni sumu. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ya barabarani ilikuwa Aljeria, mwaka 2021. Mfasiri anayekuta ushauri wa kutumia petroli yenye risasi katika kitabu cha zamani aeleze kwamba ushauri huo umepitwa na wakati.

Maswali matatu ya fomu

Istilahi nzuri haiwezi kufanya kazi peke yake. Tunapendekeza kwamba fomu za matengenezo, badala ya mstari mmoja wa “Hitilafu”, ziwe na maswali matatu. La kwanza: mlio husikika lini? Injini ikiwa baridi au moto, gari likiwa limesimama au likipanda mlima? La pili: watoka wapi? Juu ya injini, chini yake, au nyuma kwenye ekzosi? La tatu: ni wa namna gani? Mgoto, mdundo, mwaliko au mchakacho? Dereva ambaye hana hakika na swali la tatu atakuwa amemsaidia fundi sana kwa majibu ya mawili ya kwanza.

Kwa muhtasari, istilahi tunazopendekeza ni hizi:

Mgoto: mlio mkali na mwembamba utokanao na mchanganyiko wa petroli na hewa kujiwasha ndani ya silinda.

Mdundo: mlio mzito utokao chini ya injini, hasa kwa kulika kwa beringi.

Mwaliko: mlio mdogo, mkavu na wa haraka, kama wa valvu, tapeti au nozeli.

Mchakacho: mlio wa mfululizo wa kitu kilicholegea.

Kunoki: kuharibika kwa injini hata isiweze kufanya kazi. Lisitumike kutaja mlio.

Mapendekezo haya hayajawa sheria. Tungependa walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu darasani, na wafasiri watuandikie pale ambapo maneno haya yanawakwamisha. Tuliirudisha rasimu yetu kwa fundi yule ikiwa na sentensi mpya: “Ukisikia mgoto unapopanda mlima, punguza gia, ukisikia mdundo, egesha gari na uzime injini.” Aliisoma mara mbili, akaturudishia karatasi, akasema kwamba sasa dereva atajua lini aendelee na lini asimame. Hatukuhitaji sifa nyingine.