Presha haibishi hodi: Ulinde moyo wako mapema

Watu wengi wa mijini hudhani kwamba maradhi ya moyo ni ya matajiri wenye vitambi. Dhana hii ni potovu. Makanga, karani na mama mboga wote wanaweza kupatwa, na mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu, au presha kama wengi wanavyoliita.

Ubaya wa presha ni kwamba haibishi hodi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kuumwa na kichwa wala kuhisi kizunguzungu. Wakati huo wote kuta za mishipa huharibika na mafuta hujikusanya humo. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, sehemu ya moyo hukosa damu na kuanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Uchunguzi uitwao INTERHEART, uliofanywa katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka wa 2004, ulionyesha kwamba mambo tisa huchangia asilimia 90 au zaidi ya hatari ya mshtuko wa kwanza wa moyo. Miongoni mwao ni sigara, presha, kisukari, kitambi, mafuta mabaya katika damu na kutofanya mazoezi. Mengi ya haya, msomaji, yamo mikononi mwako.

Chumvi yote unayokula kwa siku, pamoja na iliyomo katika mkate, soseji na viungo vya pakiti, isizidi kijiko kimoja cha chai. Usiongeze chumvi mezani. Punguza chipsi na nyama ya mafuta. Zidisha sukumawiki, maharagwe na matunda. Shuka matatu mapema utembee kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Ukiacha sigara, baada ya mwaka mmoja hatari ya moyo hupungua kwa karibu nusu.

Pimwa presha hata kama hujihisi mgonjwa. Ikizidi 140 kwa 90 mara kwa mara, muone daktari. Ukipewa tembe, usiziache kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu unazimeza.

Na kifua kikikubana, maumivu yakaenea mkononi au kwenye taya huku ukitokwa na jasho, usidhani ni gesi ya tumbo. Usingoje kukuche. Kimbilia hospitali.