Kihamba, mbege na sheria ya zamani: kweli au si kweli?

Desemba ikifika, magari ya Dar es Salaam yanapanda Marangu, Kibosho, Machame na Rombo, huko Uchaggani, Kilimanjaro. Ibada ikiisha na mbuzi akiliwa, mbege, pombe ya ndizi, ikizunguka, mtu anakohoa: "Sasa tuongelee kihamba," yaani shamba la ukoo. Hapo kila mmoja anageuka mwanasheria. Nimekaa vikao vya namna hiyo vingi kiasi cha kujua kwamba mwenye sauti kubwa mara nyingi anashika sheria iliyokwisha kubadilishwa.

"Tupeleke baraza la kata, wataamua mpaka."
Si kweli, tangu Oktoba 2021. Zamani baraza la kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Sheria Na. 5 ya 2021, ile ya marekebisho ya sheria mbalimbali, ililiondolea mamlaka hayo. Sasa kazi yake ni kusuluhisha tu. Karatasi inayoitwa "hukumu ya shamba" iliyotoka kata mwaka 2023 haina nguvu, hata ikigongwa mihuri mitatu. Lakini usiwaruke wazee wale wa baraza. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linataka kwanza cheti cha kata kinachosema usuluhishi umeshindikana. Na siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kufungua shauri wilayani hata bila cheti. Hizo siku 30 ndizo wengi hawazijui, wakaambiwa "njoo Alhamisi" mpaka kahawa inachumwa na kwisha.

"Binti hana chake kwenye kihamba, ataolewa."
Hapa ndipo kikao huwa kirefu. Mila ya Kichagga tunaijua: mtoto wa kwanza wa kiume anakatiwa sehemu, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati anaambiwa akatafute. (Ndiyo maana hakuna stendi Tanzania hii utakapokosa duka la Mchagga.) Binti hata kutajwa hatajwi. Sasa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Hata kabla ya hapo, Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua shauri la Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mwanaukoo alikwenda kortini kupinga mauzo. Jaji akasema mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume anavyoweza.

Kwa hiyo si kweli. Ila nisikudanganye kwamba yamekwisha: mirathi haijapata sheria moja inayowafunga wote, na kwa familia iliyoishi kimila, korti bado huuliza mila inasemaje. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliikosoa Tanzania kwa jambo hilohilo, katika malalamiko ya wajane wawili. Baba mwenye mabinti anayetaka wapate kitu aandike wosia akiwa bado anatembea.

"Mume ndiye mwenye nyumba, anauza akitaka."
Si kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa ya mwenzake kabla ya kuuza nyumba ya familia.

"Kisicho na hati ni cha serikali."
Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hilo ni kweli, na linaihusu Masaki ya Dar es Salaam sawasawa na Uru ya Moshi. Lakini haki ya kimila ya kumiliki ardhi ya kijiji ina hadhi sawa na ile ya kupewa kwa hati, hata kama bado huna cheti. Hati ya kimila, inayotolewa kupitia halmashauri ya kijiji, inaongeza ushahidi tu. Kwa walio ndani ya Manispaa ya Moshi utaratibu ni mwingine.

"Nimeondoka miaka mingi, haki yangu imekufa."
Nusu kweli. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Lakini ndugu uliyemwachia akutunzie migomba hageuki mwenye mali kwa sababu tu amekaa. Mwalikwa hubaki mwalikwa.

"Kortini ni Kiingereza, na bila wakili utaliwa."
Si kweli. Tangu 2021 lugha ya mahakama na mabaraza ni Kiswahili, Kiingereza kikiwa cha inapobidi. Baraza la kata ndiyo kabisa, wakili haruhusiwi kusimama humo kwa niaba ya mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hukueleza haki zako na kukuelekeza bure, ingawa hawawezi kukuwakilisha mahakamani. Moshi mjini kuna KWIECO, shirika lililoanza kuwasaidia wanawake wa Kilimanjaro mwaka 1987.

"Masale ndiyo mpaka."
Kweli, kwa kiasi kikubwa. Wajumbe wa baraza wakija kukagua eneo, masale, ile mimea inayopandwa mipakani, ni miongoni mwa vitu vya kwanza wanavyoonyeshwa, pamoja na mzee anayekumbuka nani aliyapanda. Basi Krismasi hii yapige picha ukiwa na mzee huyo, kabla kijana wa jirani hajaambiwa afyeke.