Gia Ikilia, Usikimbilie Kufungua Giaboksi

Huku kwetu Umatengo gari si anasa. Hubeba kahawa, hubeba wagonjwa kwenda hospitali ya Litembo, na mara nyingine hubeba jeneza. Gari la parokia likiugua, parokia nzima huugua nalo. Leo nataka kusema juu ya ugonjwa mmoja unaokula fedha za watu bure: gia kulia, yaani ule mkwaruzo wa “krrr” dereva anapoingiza gia.

Mwaka juzi pikapu yetu ilianza kulia hivyo. Fundi mmoja aliisikiliza mara moja tu, akasema, “Bwana Karani, giaboksi imekwisha. Lazima ishushwe.” Bei aliyotaja ilikuwa sawa na sadaka za miezi kadhaa. Bahati njema dereva wetu, mzee aliyejifunza kazi katika Land Rover za zamani za mapadre, alimwomba Baba Paroko siku moja ya kuchunguza.

Kwanza alizima injini, akaingiza gia zote moja baada ya nyingine. Ziliingia laini. Akawasha injini, gari limesimama, akakanyaga klachi mpaka chini, akahesabu hata kumi, ndipo akajaribu rivasi. Krrr!

“Umesikia, Bwana Karani? Injini imezimwa, amani. Injini inazunguka, ugomvi. Klachi haiachii.”

Maana yake ni hii: kazi ya klachi ni kuitenga injini na giaboksi kwa kitambo. Isipotenga sawasawa, meno ya ndani huendelea kuzungushwa na injini, nawe unayalazimisha kukutana na mengine yenye mwendo tofauti. Hapo ndipo yanaposagana.

Kisha akapiga pedali ya klachi mara tatu upesi upesi. Rivasi ikaingia kimya! Hiyo ni alama kubwa. Katika magari ambayo klachi yake husukumwa kwa mafuta ya breki, pedali ikihitaji kupigwa hivyo, basi mafuta yamepungua au hewa imeingia. Tulifunua kikopo tukakuta karibu kitupu, na silinda ndogo ya chini, ubavuni mwa giaboksi, imelowa. Mpira wake ulibadilishwa, hewa ikatolewa, mkwaruzo ukaisha. Giaboksi haikuguswa.

Lakini si kila mkwaruzo ni klachi. Mara nyingine ni dereva mwenyewe, mkono wake una haraka kuliko mguu. Na kama ni gia moja tu inayolia gari likiwa mwendoni, hasa ya pili, ishuku pete ya shaba iitwayo sinkro, inayolinganisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Pete hizo zilianza katika magari ya Cadillac, Marekani, mwaka 1928. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1971 hazikuwa nazo katika gia ya kwanza na ya pili. Ndiyo sababu madereva wa misioni walikanyaga klachi mara mbili: kutoa gia, kuachia pedali na kutia moto kidogo kama wanarudi gia ya chini, kisha kukanyaga tena na kuingiza. Ukifanya hivyo na gari lako likanyamaza, sinkro imechakaa.

Asubuhi za baridi za Juni na Julai mafuta ya giaboksi huwa mazito, na gia ya pili hununa mpaka yapate joto. Hilo si neno. Lakini mafuta yawe yale yaliyoandikwa katika kitabu cha gari. Yakimwagwa, vumbi laini la chuma si ajabu. Vipande vya jino vikionekana, gari lisiondoke.

Msidhani ni habari ya fedha tu. Kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay barabara huteremka kutoka milima ya zaidi ya meta 1,000 mpaka ziwa lililo chini ya meta 500. Lami imerahisisha safari, mteremko ni uleule. Anayetaka kurudisha gia katikati ya mteremko, ikalia na kukataa kuingia, hubaki na breki peke yake, nazo zikipata moto sana hazishiki. Mzee wetu huchagua gia juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka. Na klachi ikionyesha dalili, haendi ziwani. Mwaka jana kwaya yetu ilikosa harusi ya Mbamba Bay kwa sababu hiyo, na akina mama walimnunia wiki nzima.